Zawadi ya Krismasi kwa mtoto mwenye kichaa cha rola kosta: wadau nisaidieni kabla sijapoteza hela

Shangazi_Nansana (mleta uzi), Desemba 6
Wadau, heshima kwenu. Naomba msaada, na mwenye kucheka acheke haraka amalize tuendelee.

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 14, mwakani anaingia S3 (sekondari mwaka wa tatu). Wenzake wana Arsenal na Man U, yeye ana rola kosta. Ndiyo, vile vigari vya kwenye reli vinavyopandishwa juu kama mnara halafu vinaachiwa vishuke, watu wakipiga mayowe. Hajawahi kupanda hata kimoja. Kwa Uganda hii angepandia wapi? Alichopanda ni bembea za kwenye maonyesho ya Lugogo mwezi wa kumi, na akiwa mdogo tulimpeleka bustani ya michezo ya Kansanga. Lakini muulize habari za Ohio, za Ujerumani, za Japani, atakutajia urefu, kasi, na kiwanda kilichotengeneza reli. Yote kayatoa YouTube, kwa bando langu.

Februari mwaka huu wa 2025 nilimkuta nyuma ya nyumba kajiinamia, nikadhani kuna msiba hawajaniambia. Kumbe kule New Jersey, Marekani, wameiangusha rola kosta ya Kingda Ka kwa baruti. Mita 139 kwenda juu, ilifunguliwa 2005, na kwa muda wote huo hakukuwa na iliyoizidi urefu duniani. Nikamwambia pole. Ningesema nini?

Sasa Sekukkulu, yaani Krismasi, ndiyo hiyo inakuja. Mwaka jana nilimpa fulana yenye picha ya yule panya wa Disney, nikajua nimepatia. Akasema "asante ssenga", yaani shangazi, ile asante ya adabu. Fulana leo inapangusia baiskeli. Bajeti yangu ni shilingi 150,000. Safari ya kwenda huko kwenyewe hatuna uwezo nayo, msinishauri. Nimpe nini mtu anayependa kitu ambacho hakipo nchini?

KijanaWaBusia
Mpe mbuzi. Mbuzi naye hupanda na kushuka.

Shangazi_Nansana
Nilijua utakuwa wa kwanza wewe.

Mlinzi_Ghuba
Shangazi shikamoo. Umenigusa, maana mimi nilikuwa kama huyo mtoto, ila enzi zangu hakukuwa na YouTube, kulikuwa na kalenda ya ukutani yenye picha ya gurudumu kubwa.

Niko Abu Dhabi mwaka wa nne, kazi ya ulinzi. Siku za mapumziko wenzangu hulala, mimi nimeingia bustani ya burudani ya Ferrari World mara mbili kwa hela yangu mwenyewe. Bustani nzima iko chini ya paa jekundu kubwa, kwa sababu ya joto, ila rola kosta yao kuu, Formula Rossa, inachomoka nje ya paa na kukimbilia jangwani. Ilipofunguliwa 2010 ilikuwa na kasi kuliko zote duniani: kilomita 240 kwa saa, na inaifikia ndani ya sekunde tano hivi. Haivutwi kwa mnyororo kupandishwa kilima kama zile za kawaida. Inarushwa, kwa mtambo wa nguvu ya mafuta ya haidroliki, wazo lile lile la kurushia ndege kwenye meli za kivita. Unapewa miwani ya kufunika macho, la sivyo mchanga au mdudu mmoja tu atakuharibia siku. Nilipiga kelele kwa Lugbara. Sikujua kama bado nakumbuka Lugbara ya namna ile.

Kuhusu zawadi. Fulana ilishindwa kwa sababu inamhusu panya, na mtoto wako hana habari na panya. Watu wengi huchanganya hapo. Yupo mpenzi wa wahusika wa katuni, yupo mpenzi wa mashine. Kutokana na ulivyoeleza, huyo ni wa mashine. Hawa wa mashine hawakusanyi vikombe na kofia, wanakusanya idadi. Nilikutana kwenye foleni na Mwingereza mmoja mzee, ana daftari mfukoni, kila rola kosta aliyopanda kaiandika: tarehe, kiti alichokalia, mvua ilinyesha au la. Alikuwa amepita mia tano. Marekani wana chama chao kabisa tangu 1978, American Coaster Enthusiasts, na mtandaoni kuna daftari kuu la rola kosta za dunia nzima, RCDB, lipo tangu 1996. Mtoto wako bila shaka analijua.

Na kofia usinunue. Kwenye rola kosta kofia haikai hata sekunde mbili.

Mama_Pacha
Mimi nitasema la matofali ya LEGO maana najua kuna mtu atalileta. Wanayo rola kosta yenye kitanzi, namba 10303, ilitoka 2022, vipande 3,756. Ni kitu cha kweli, kina lifti ya kupandishia kigari na kigari kinazunguka kitanzi chenyewe. Wanangu pacha waliiona wakaacha kula. Nikapiga hesabu ya bei, usafiri na ushuru, nikafunga kompyuta polepole kama mtu aliyeona nyoka.

Nikaenda duka moja mjini, nikauziwa boksi lenye picha inayofanana, kwa bei ya kucheka. Wadau, vipande vilikuwa havishikani. Ukibana huku, kule kunaachia. Karatasi ya maelekezo imeruka kutoka hatua ya 31 hadi ya 36. Tulikaa nayo mpaka mwaka mpya, baba yao akatoa maneno ambayo mlokole hatakiwi kuyatoa. Kama huna uwezo wa ile halisi, achana nayo kabisa, usinunue mfano wa mfano.

KijanaWaBusia
Hatua ya 31 hadi 36 nimecheka mpaka chai imenimwagikia.

Mwalimu_Mstaafu_Jinja
Salamu kwa wote. Nimefundisha fizikia miaka mingi na nimeona vichaa vya kila aina darasani. Hiki cha rola kosta ni katika vile vyema, kwa hiyo, dada yangu, usikione kama ugonjwa.

Kwanza historia kidogo, maana mtoto akipewa zawadi na mtu anayejua habari yake, zawadi huongezeka uzito. Mmarekani LaMarcus Thompson alifungua reli yake Coney Island, New York, mwaka 1884. Nauli senti tano, mwendo kama kilomita 10 kwa saa, yaani bodaboda ya Jinja ingeipita ikiwa imebeba matoke. Inasimuliwa kuwa Thompson alikuwa mtu wa dini aliyechukia vilabu vya pombe na madanguro, akatafuta burudani safi ya kuwatoa watu huko. Hapa kwetu tungemwita mlokole. Kwa hiyo anayesema michezo hii ni ya shetani, historia haiko upande wake.

Halafu likaja jambo la kitanzi, na hili ndilo ninalolipenda. Mwaka 1895, hapo hapo Coney Island, walijenga Flip Flap Railway, kitanzi cha duara kamili. Duara ni umbo zuri kwa macho, baya kwa shingo. Kigari kikitoka kwenye reli iliyonyooka na kuingia ghafla kwenye duara, mwili unagandamizwa mara moja. Inatajwa kuwa abiria walikuwa wakielemewa na kani inayofikia mara 12 ya uzito wao. Watu wakaumia shingo, ikafungwa. Ilichukua miongo mingi mpaka 1976, pale Magic Mountain, California, ilipojengwa Revolution, na mhandisi Mjerumani Werner Stengel akatumia umbo kama la tone la maji: pana chini, jembamba juu. Kigari kinaingia taratibu, kinapinda zaidi kule juu ambako kimeshapunguza mwendo. Tazameni picha ya kitanzi chochote cha kisasa, si duara.

Kwa hiyo ushauri wangu: mpe kitu ambacho anaweza kukijaribisha. Gololi na reli. Mwambie atafute mwenyewe gololi iachiwe kutoka juu kiasi gani ili ipite kitanzi bila kuanguka. Kitu kinachoteleza bila msuguano kinahitaji kuanzia juu mara mbili na nusu ya nusukipenyo cha kitanzi, ukipima kutoka chini ya kitanzi. Gololi inahitaji zaidi, mara 2.7, kwa sababu sehemu ya nguvu inaliwa na kule kujizungusha. Usimpe jibu lakini.

Fundi_wa_Katwe
Mwalimu umenikumbusha S4, sikumaliza lakini hiyo naikumbuka.

Shangazi mimi nachomelea Katwe, mageti na vitanda vya hosteli. Hiyo kazi ya reli ya gololi nimewahi kuifanya mara moja kwa mtoto wangu, kwa nondo nyembamba na waya wa mabati. Inawezekana. Lakini nikwambie ilivyokwenda ili usije ukanilaumu. Mara ya kwanza nilikunja kitanzi kwa kuzungushia kopo la rangi, duara safi kabisa. Gololi ilifika nusu ikadondoka kama embe. Nikainua mnara. Ikapita mara moja kati ya nne. Kumbe na reli za waya mbili ni tofauti na ubao, gololi inazama kidogo katikati ya waya, inajizungusha kwa haraka zaidi kwa mwendo ule ule, kwa hiyo inakula nguvu zaidi. Hiyo 2.7 ya mwalimu ni ya kwenye karatasi. Kwenye waya weka nne kabisa ulale usingizi. Kitanzi cha nusukipenyo sentimita 10, mnara sentimita 40.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui, kigari cha kweli hakikai juu ya reli tu kama treni ya Kenya. Kina magurudumu matatu matatu: la juu linabeba uzito, la pembeni linazuia kuyumba, na la chini linaikumbatia reli kwa chini kisinyanyuke. Hilo la chini Mmarekani John Miller alilipatia hataza 1919, na ndipo wakaanza kujenga vilima vikali, kwa sababu kabla ya hapo kigari kikiruka kimeruka. Najua kwa sababu nilitaka kumtengenezea mwanangu kigari chenye magurudumu, nikaangalia video wiki nzima, nikaona bora gololi.

Nitakutengenezea mnara, mteremko, kitanzi kimoja, na kilima kidogo mwishoni. 70,000, na ncha zote nitazipiga msasa. Uniambie kabla ya tarehe 15, baada ya hapo Katwe yote ni masufuria ya Krismasi.

Mwanafunzi_wa_Pwani
Assalaam aleikum, na kwa wenye sikukuu, heri. Mimi ni wa Mombasa, niko chuo hapa Kampala. Shangazi, kijana ana kompyuta?

Nauliza kwa sababu kuna gemu inaitwa RollerCoaster Tycoon, ya mwaka 1999. Unapewa kiwanja, unajenga bustani ya burudani, unachora reli zako mwenyewe, unapanga nauli, unaajiri wafagiaji. Uzuri wake ni kwamba aliyeiandika, Chris Sawyer wa Uskoti, karibu yote aliiandika kwa lugha ya chini kabisa ya mashine, neno kwa neno na prosesa, ndiyo maana ilikwenda kwenye kompyuta dhaifu za wakati ule. Leo hata laptopu ya mitumba isiyofungua kitu inaweza kuicheza. Ipo pia ya simu, inaitwa RollerCoaster Tycoon Classic, unalipa mara moja, na haikulazimishi kuwa na intaneti kila dakika. Kuna nyingine mpya, Planet Coaster ya 2016, picha zake zinatoa machozi, ila hiyo inataka kompyuta ya mtu mwenye baba mbunge.

Gemu ile inakwambia pia kwamba reli yako ni kali mno, watu wanakataa kupanda. Niliwahi kujenga kitanzi nikaona wageni wote wanasimama nje wanaitazama tu, hakuna anayeingia. Iliniuma kikweli.

Na siku mkijaaliwa kuja Mombasa, Nyali kuna Wild Waters, mateleza ya maji. Si rola kosta, lakini tumbo linapanda vile vile.

MzeeWaMatoke
Nimesoma toka juu. Samahani, mimi nitasema ambalo hamtaki kulisikia. Mtoto wa S3, mtihani wa taifa uko mbele, mnamlisha ndoto za vitu vya wazungu ambavyo hatavigusa maishani. Mnunulie seti ya hesabu, sare, viatu. Sikukuu ikiisha ni karo. Enzi zetu zawadi ya Krismasi ilikuwa nyama na soda, na tulikua.

Shangazi_Nansana
Mzee wangu, heshima. Sare ana baba yake. Na fizikia yake muhula huu ni 81. Kiswahili 54, hapo ndipo ningekubali unikemee.

Mwalimu_Mstaafu_Jinja
Mzee mwenzangu, George Ferris aliyejenga lile gurudumu la kwanza kubwa alikuwa mtu wa madaraja na vyuma. Chicago, 1893, mita 80 kwenda juu, vibanda 36, kila kimoja watu 60. Zidisha mwenyewe: abiria 2,160 angani kwa mara moja. Chuma kile kile, hesabu ile ile ya daraja la Jinja. Huyo mtoto anaweza kuishia kwenye madaraja, na hapo utamwita mheshimiwa mhandisi.

MzeeWaMatoke
Daraja nalivuka. Gurudumu linanirudisha nilipotoka.

KijanaWaBusia
Hapo mzee kapiga pigo 😂

Mlinzi_Ghuba
Mzee, si vya wazungu tu. Johannesburg kuna Gold Reef City, imejengwa kwenye mgodi wa dhahabu wa zamani tangu 1987. Wana rola kosta inaitwa Tower of Terror, mteremko wake unaingia ndani ya shimo la mgodi. Unashuka huoni mwisho. Babu zetu wa kusini waliingia mashimo hayo kwa shida, leo wajukuu wanalipia kuingia. Sijui nilichukulieje hilo, nimelitaja tu.

Boda_wa_Mukono
Mimi nauliza, kwa nini asipelekwe kuruka Jinja? Ile bungee, ya kujirusha ukiwa umefungwa kamba miguuni, juu ya Nile ni mita 44. Au kuteleza kwenye kamba Mabira, pale Griffin Falls, unapita juu ya miti kabisa. Ni burudani ya hapa hapa, anarudi na hadithi.

Shangazi_Nansana
Mabira nimeipenda, ila kwa Pasaka, si sasa. Bungee nimemwuliza kwa ujanja kama angependa. Akanijibu, nanukuu, "Ssenga, hiyo ni kuanguka tu, haina reli." Ndipo nikaelewa alichosema Mlinzi kuhusu watu wa mashine. Pia akaniambia Kingda Ka ilikuwa zaidi ya mara tatu ya mnara wa Jinja. Sikumwuliza hilo.

Dada_wa_Ntinda
Naongezea moja kwa wenye ndugu wanaosafiri, maana uzi huu utasomwa na wengine. Usimnunulie mtu tiketi ya bustani yenye tarehe kama viza haijatoka. Nilimnunulia mume wangu ya Dubai kama zawadi ya Krismasi, nikaiweka kwenye bahasha na utepe. Viza ikachelewa, tarehe ikapita, na maandishi madogo yalisema hairudishwi. Tiketi iko ukutani imewekewa fremu, wageni wanadhani tulienda, na sisi hatuwakatazi kudhani.

Kwa anayesafiri kweli, zawadi nzuri ni ndogo: kamba ya kufungia miwani ya macho kisogoni, na kipochi cha zipu cha kiunoni. Mimi mwenye miwani nakwambia, mashine ikianza kupanda, wasiwasi wa kwanza si kifo, ni miwani.

Mama_Pacha
Hiyo ya fremu nimeipenda kuliko zote 😂😂

Na shangazi, ramani! Bustani nyingi kubwa huweka ramani zao mtandaoni, zile za kuchorwa kwa rangi, kila bembea na namba yake. Ichukue yenye ubora mkubwa, peleka Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala, wachape kwenye karatasi kubwa. Mimi nilichapisha moja kwa pacha kwa 20,000, na kuilaminesha juu. Iko ukutani, wanacheza kupanga njia: tukiingia asubuhi tuanzie wapi ili foleni isitumalize. Hawajawahi kutoka Wakiso. Ila nenda mapema, Desemba Nasser Road imejaa kalenda na kadi za harusi, watakusukumia kesho, kesho. Na kagua kabla hujalipa. Yangu ya kwanza ilitoka bahari ya rangi ya zambarau.

Shangazi_Nansana, Desemba 11
Wadau nimeamua. Fundi, nimekutumia nusu kwa mobile money, thibitisha. Ramani naenda kesho, nimechagua ya bustani ya Cedar Point ya Ohio kwa sababu ndiyo anayoitaja usingizini. Na daftari gumu la kurasa 200, kama la yule Mwingereza. Nimepiga hesabu: 70,000 na 20,000 na 12,000, na nauli ya boda. Imebaki kidogo, nitaweka bando. Gemu ya simu nimeiacha, simu yenyewe ni yangu na najua haitarudi.

MzeeWaMatoke nawe umesikika, nimeongeza seti ya hesabu. Mle ndani kuna rula na bikari.

MzeeWaMatoke
Kale. Hapo sawa.

Fundi_wa_Katwe
Nimepokea. Jumatatu njoo nayo gololi moja unayojua ataitumia, nisije nikapima kwa yangu ikawa tofauti. Gololi za duka na zile za chuma za kwenye beringi haziendi sawa.

Shangazi_Nansana, Desemba 27
Mrejesho, kama nilivyoahidi. Niko Kayunga kijijini, mtandao unakuja na kuondoka, mnivumilie.

Safari ya kuja: teksi imejaa, kuku wawili chini ya kiti, mnara wa fundi nimeubeba mapajani kama mtoto mchanga. Kondakta akaniuliza ni antena ya nini. Karibu na Mukono dereva kapiga breki, jirani yangu akaangukia kitanzi. Nikaona kimepanuka kidogo. Sikusema kitu, nilikuwa naomba tu.

Asubuhi ya Krismasi baada ya kanisa nikampa. Ramani aliifungua, akanyamaza kabisa, kisha akaanza kuniambia makosa: kuna rola kosta imeshabadilishwa jina na ramani yangu ni ya zamani. Makosa yale aliyasema kwa furaha ambayo fulana haikuipata. Sasa iko ukutani kwa bibi, upande wa picha ya Askofu.

Mnara. Gololi ya kwanza ilifika kwenye kitanzi ikadondoka. Ya pili ikadondoka. Mimi roho ikaniruka. Yeye wala. Akatoa rula ya MzeeWaMatoke, akapima kitanzi: nusukipenyo sentimita 12 badala ya 10. Akapima mnara, 40. Akakaa na daftari kwenye ngazi ya jikoni karibu saa nzima, watu wanakula. Mwalimu, sikumpa jibu, naapa, ingawa mbili nukta saba ilikuwa mdomoni. Akarudi akasema, "Ssenga, kwa waya hizi mnara wangu ni mfupi." Akatafuta kipande cha bomba la plastiki la nyaya za umeme, akalipasua katikati kwa kisu cha bibi, akalipandisha kutoka juu ya mnara mpaka dirishani. Binamu yake mdogo akasimama juu ya kiti, akaachia.

Ilipita. Ikazunguka kitanzi kizima, ikapanda kile kilima kidogo cha mwisho na, kwa kuwa mwendo ulikuwa mkubwa kuliko fundi alivyopanga, haikubaki kwenye reli. Ikaruka meza, ikaingia kwenye luwombo ya kuku, ile ya kupikwa kwenye jani la mgomba.

Kimya. Halafu bibi, miaka 77, akasema kwa Kiswahili cha kambini alichojifunza kwa marehemu babu: "Rudisha. Sikuona vizuri."

Mpaka jana usiku ilikuwa imepita mara 43. Zote zimo kwenye daftari: tarehe, urefu wa kuachia, nani aliachia, na safu ya mwisho ameandika "ilipoangukia". Bibi ana mara tisa.

Mwalimu_Mstaafu_Jinja
Dada, niandikie urefu wa mwisho aliotumia, tafadhali.

Shangazi_Nansana
Sentimita 58 kutoka chini ya kitanzi, mwalimu. Anasema 52 inapita mara mbili kati ya tatu.

Fundi_wa_Katwe
58 kwa kitanzi cha 12, inakaribia mara tano. Basi waya wangu una kutu mahali. Mwambie aupake mafuta ya kupikia kidogo, afute, apime tena. Na kile kilima cha mwisho ni kosa langu, nilikifanya kwa mwendo wa 40. Gololi ikifika pale kasi imezidi, ndiyo sababu ile ya gurudumu la chini niliyowaambia.

Shangazi_Nansana
Amesoma hili juu ya bega langu sasa hivi. Ameniambia nikuulize: ukimtengenezea kigari chenye gurudumu la chini, kidogo kabisa, ni shilingi ngapi? Na anasema yuko tayari kuja Katwe kukushikia taa.

Fundi_wa_Katwe
Aje Januari kabla shule hazijafunguliwa. Avae viatu vya kufunika vidole.